Kompyuta ya dukani imewekewa Ubuntu, nami nikiwa Birmingham siioni tena

Dada mmoja ameniandikia hivi: "Salaam aleikum kaka. Mimi ni muuguzi hapa Birmingham, na ndugu yangu anaendesha saiba yetu, duka la intaneti, Malindi. Kila usiku nilikuwa naingia kwenye kompyuta ya kaunta kwa programu ile ya kuandika namba na nywila, nafunga hesabu za siku. Mashine ni ya mtumba, Intel ya kizazi cha sita, ikakataa Windows 11. Fundi akaiwekea Ubuntu 24.04. Tangu hapo nikipiga namba naambiwa skrini ya upande wa pili haikubaliki. Siku nyingine naingia, ila naona weusi mtupu. Umeme ukikatika ndiyo kabisa, mpaka ndugu yangu afike asubuhi aweke nywila. Fundi anasema dawa ni kurudi Windows 10. Je, nirudi?"

Waaleikum salaam, dada. Usirudi. Wala usiendelee kuifuta programu yako na kuiweka upya, kwa sababu haijaharibika. Mlango uliokuwa ukiupitia umezibwa, tena kwa makusudi, na sababu ya kuuziba inakuhusu wewe kuliko watu wengi kwa kuwa biashara yenu ni saiba. Mfumo wenyewe umefungua mlango mwingine. Tatizo ni kwamba hauko pale ulipozoea kubisha.

Fundi wenu simlaumu kwa kuweka Linux, familia ya mifumo ambamo Ubuntu imo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa Mombasa na Nairobi zina nguvu tele kwa kazi ya ofisi, lakini sharti hilo limeziacha nje. Kuzitupa ni hasara, na kuendelea na mfumo usiozibwa matundu ni hatari. Alichosahau fundi ni kuuliza swali moja: nani anaitumia kompyuta hii wakati hakuna mtu kitini?

Kwanza tuhakikishe tunautibu ugonjwa wenyewe. Mwambie ndugu yako afungue terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na aandike:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Jibu likiwa "wayland", basi ndilo hili ninalolieleza. Likiwa "x11", niandikie tena, kwani chanzo kitakuwa kingine. Kwa dalili ulizonitajia, nina hakika litakuwa la kwanza.

Kwa muda mrefu Linux ilichora skrini kwa mfumo uitwao X, ulioanza katika chuo cha MIT huko Marekani mwaka 1984. Toleo lake la kumi na moja, X11, lilitoka 1987, na ndilo lililobaki kutumika miaka yote hiyo kupitia programu iitwayo Xorg. Ulibuniwa wakati kompyuta zilikuwa za vyuo na maabara na watu wake wakiaminiana. Ndani ya X, programu yoyote iliyokwisha kuingia inaweza kuitazama skrini nzima, na inaweza kusikiliza kila herufi inayopigwa kwenye kibodi hata kama herufi hizo zinaandikwa katika dirisha la programu nyingine. Haiombi ruhusa kwa mtu. Programu nyingi za kutazama kompyuta kwa mbali zilijengwa juu ya uhuru huo, zikaingia bila hodi na zikafanya kazi vizuri.

Nataka uone uhuru huo unamaanisha nini. Kwenye mashine inayotumia Xorg, andika "xinput list" upate namba ya kibodi, kisha "xinput test" ukifuatisha namba hiyo. Acha terminali ikiwa wazi pembeni, fungua kivinjari, nenda kwenye ukurasa wa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, uandike nywila yoyote. Kwenye kivinjari utaona vidoti tu. Kule kwenye terminali, kila kitufe unachogusa kinatoa mstari: kitufe fulani kimebonyezwa, kitufe fulani kimeachiliwa, kila kimoja na namba yake. Ukiwa na jedwali la namba hizo unaisoma nywila kama unavyosoma risiti. Sikutumia ujanja wala haki za msimamizi. Nimeiomba X kitu inachompa kila mtu.

Sasa fikiria kaunta ya ndugu yako. Mama kaja kuwasilisha ritani za kodi za KRA, kijana kaja na fomu ya mkopo wa masomo ya HELB, mzee anataka kusajiliwa bima ya afya ya SHA. Wote wanamtajia ndugu yako nywila zao, au wanaziandika wenyewe kwenye kibodi hiyo. Programu moja mbaya iliyoingia kwa flashi ya mteja ingezikusanya zote. Ndiyo maana ninaposikia fundi akisema "zima tu huo Wayland" moyo hunishtuka.

Wayland ndiyo iliyochukua nafasi ya X. Kristian Høgsberg aliianzisha mwaka 2008, na imechukua muda kukomaa. Fedora, Linux nyingine, iliifanya chaguo la kwanza mwaka 2016. Ubuntu iliijaribu mwaka 2017, ikarudi nyuma mwaka uliofuata, kisha ikaichukua tena mwaka 2021 na haijaiacha. Kanuni yake ni adabu ya kwetu: programu inaliona dirisha lake tu, na ikitaka kuona zaidi lazima ipige hodi. Mfumo hutoa kisanduku kwenye skrini, "fulani anaomba kuitazama skrini yako", na mtu aliyeketi pale ndiye wa kusema karibu.

Hapo ndipo ulipokwama. Wewe unapiga hodi saa nne usiku ya Birmingham, na Malindi ni usiku wa manane au umekwisha kupita. Saiba imefungwa. Hakuna wa kusema karibu. Baadhi ya programu zinapojikuta hapo hutoa ule ujumbe wa kutokubaliwa, nyingine huingia nusu zikakuonyesha weusi. Na umeme ukikatika ukarudi, mashine husimama kwenye ukurasa wa kuweka nywila. Ukurasa huo nao unachorwa na Wayland, na pale hata kisanduku cha hodi hakiwezi kutokea, kwa sababu hakuna akaunti iliyokwisha kufunguliwa.

Usidhani ni Linux peke yake. Wenye Mac walipandisha kompyuta zao hadi Catalina mwaka 2019 wakakutana na jambo la aina hiyo hiyo: programu ya mbali inaingia, inaonyesha picha ya nyuma na upau wa juu, madirisha hayaonekani, mpaka mtu aliye mbele ya mashine aende kwenye mipangilio aipe ruhusa ya kurekodi skrini. Mifumo mipya inaelekea huko yote.

Ipo plasta, na nitakupa kwa sababu mwisho wa mwezi haukungoji. Kwenye ukurasa wa kuingia wa Ubuntu 24.04, ndugu yako akibofya jina lake, pembeni chini hutokea gurudumu dogo la meno. Akilibofya, achague "Ubuntu on Xorg", kisha aweke nywila. Programu yako ya zamani itaiona skrini kama zamani. Ukitaka na ukurasa wa kuingia wenyewe utumie Xorg, faili ni /etc/gdm3/custom.conf, na mstari wa WaylandEnable=false unaondolewa alama ya reli (#) iliyo mwanzoni, kisha mashine iwashwe upya. Lakini umeona jaribio la kibodi hapo juu. Plasta hii nakupa ya wiki moja au mbili.

Tena plasta yenyewe inabanduka. Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, haina tena chaguo la Xorg kwa eneokazi (desktop) lake la kawaida, na kampuni ya Red Hat iliiondoa seva ya Xorg kwenye toleo la 10 la Linux yake mwaka huo huo. Nina mteja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuwa na 25.04. Nilimwekea plasta hiyo mimi mwenyewe, nikaondoka nimeridhika. Mwishoni mwa 2025 kijana wake akabofya kitufe cha kupandisha toleo, na kesho yake gurudumu la meno likawa halina Xorg ndani yake. Ilinibidi nipande matatu hadi dukani kwake nikaanze upya, na siku nzima ya mauzo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Lile kosa lilikuwa langu. Ninyi bakini na 24.04, ambayo ina huduma ya miaka mitano, hadi 2029, na mkataze mtu yeyote kupandisha toleo bila kuwauliza.

Dawa yenyewe ni hii. Eneokazi la GNOME linalokuja na Ubuntu lina mlango wake wa mbali, na mlango huo unasema lugha ya RDP, ile ile ambayo Windows hutumia kwa kuingia kutoka mbali. Kwa hiyo kompyuta yako ya Birmingham haihitaji kuwekewa kitu kipya cha kutazamia: programu ya Remote Desktop Connection iliyomo ndani ya Windows inatosha. Kuanzia GNOME 46, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Ubuntu 24.04, mlango huo unafanya kazi hata kama hakuna mtu aliyeingia kwenye mashine. Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta.

Ndugu yako afungue Settings, aende System, kisha Remote Desktop. Ataona kurasa mbili, na hapa ndipo watu wengi hupotea. "Desktop Sharing" ni kuitazama skrini anayoitumia yeye wakati huo, mkiwa pamoja. Inataka awe ameingia na skrini isiwe imefungwa. "Remote Login" ni kuingia mwenyewe kutoka mbali, mashine ikiwa imekaa tu. Wewe unataka hii ya pili. Abofye Unlock, aweke nywila yake, awashe, halafu chini kwenye sehemu ya Login Details aandike jina na nywila ya mlango. Nywila hiyo isiwe sawa na ya akaunti. Ukiingia utaulizwa mara mbili: kwanza ya mlango, kisha utaona ukurasa wa kawaida wa Ubuntu na hapo unaweka ya akaunti. Wengi wakiulizwa mara ya pili hudhani wamekosea ya kwanza.

Kuna onyo moja la Windows ambalo lingekupotezea jioni nzima. Remote Login hukupokea mlangoni kisha hukukabidhi kwa seva ya ndani, na programu ya Windows isipoambiwa ikubali makabidhiano hayo, muunganisho hukatika papo hapo. Jaza anwani kwenye Remote Desktop Connection, bofya Show Options, kisha Save As uhifadhi faili kwenye eneokazi. Ifungue faili hiyo kwa Notepad, na mwishoni kabisa ongeza mstari huu peke yake:

use redirection server name:i:1

Hifadhi, kisha tangu siku hiyo ingia kwa kubofya faili hiyo mara mbili. Itakuonya kuwa cheti hakitambuliki. Ni cha kujitengenezea wenyewe, kwa hiyo onyo hilo ni la kawaida, mradi tu unapitia njia nitakayokueleza hapa chini.

Jingine ni akaunti. Mtu mmoja hawezi kukaa viti viwili: kama ndugu yako hakutoka kwenye akaunti yake alipofunga duka, ukijaribu kuingia kwa jina hilo hilo utaambiwa kuna kikao kinachoendelea, na kukilazimisha kifungwe ni kupoteza alichoacha wazi. Afungue akaunti ya pili yenye jina lako, na faili za hesabu ziwekwe kwenye kabrasha mnaloweza kulifikia wote wawili. Utafanya kazi zako naye hasumbuliwi, hata mchana mteja akiwa mbele yake. Ila msifungue faili moja ya hesabu kwa wakati mmoja.

Fundi anaweza kukupa wazo la kuwasha kuingia bila nywila, ili umeme ukirudi mashine iende moja kwa moja mpaka kwenye eneokazi, kisha mtumie ile Desktop Sharing. Nimeliona hilo likishindikana. Nywila ya mlango wa kushiriki skrini hutunzwa kwenye kisanduku cha siri cha akaunti, na kisanduku hicho hufunguliwa na nywila unayoandika wakati wa kuingia. Usipoiandika, kisanduku hubaki kimefungwa na mlango hauna cha kulinganishia. Mashine inaonekana imewaka, skrini iko wazi kwa kila mpita njia, na wewe bado uko nje.

Sasa njia ya kufika mlangoni. Usikubali, dada, mtu akuambie afungue poti 3389, tundu la mtandao ambalo RDP hupitia, kwenye ruta ya saiba ili ulimwengu wote uifikie. Poti hiyo hupigwa hodi na mashine za wahalifu saa zote, siku zote. Mwezi wa Mei 2019 ufa wa RDP ya Windows uliopewa jina BlueKeep ulikuwa mbaya kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata cha Windows XP, ambayo ilikwisha kuiacha miaka mitano kabla. Ubuntu haina ufa huo, lakini hakuna mlango wa kuuacha barabarani. Zaidi ya hayo, laini nyingi za intaneti za maduka hazina anwani yao wenyewe kwenye mtandao, zimepangwa wengi nyuma ya anwani moja ya kampuni, kwa hiyo hata ukifungua poti haitafika popote.

Mimi huweka Tailscale kwenye mashine zote mbili. Inajenga njia ya faragha kati yao kwa kutumia WireGuard, teknolojia ya kuyafumba mawasiliano, na kila mashine hupata anwani inayoanza na 100. Anwani hiyo ya Malindi ndiyo utakayoiandika kwenye faili yako ya Windows. Upande wa Ubuntu inawaka yenyewe kabla mtu yeyote hajaweka nywila. Jambo moja usilisahau: kwa kawaida ufunguo wa kila mashine huisha baada ya siku 180. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, tafuta kompyuta ya Malindi, uzime kuisha kwa ufunguo wake. Usipofanya hivyo, baada ya miezi sita utapotea hewani na utaanza kuilaumu Ubuntu.

Na kwa kuwa wateja wanatumia waifai ya saiba, wazuiwe wasiufikie mlango huo kutoka ndani ya duka. Amri ni mbili, za ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, na zifuatane hivi:

sudo ufw allow in on tailscale0 to any port 3389 proto tcp
sudo ufw enable

Kama kompyuta ya kaunta ndiyo inayozigawia nyingine printa, fundi aruhusu na poti 631 kwa mtandao wa ndani kabla ya kuwasha, la sivyo kazi za kuchapisha zitasimama na ndugu yako atakupigia simu ukiwa wodini.

Programu yako ya namba usiifute leo. Ina kazi yake mchana, ndugu yako akiwa kitini, anapotaka umwelekeze jambo: kisanduku cha hodi kikitokea atabofya Share na mtaona pamoja. Hakikisha tu ni toleo jipya, maana AnyDesk, TeamViewer na RustDesk zote zimekuwa zikiongeza uwezo wa kufanya kazi na Wayland hatua kwa hatua, na la miaka mitatu iliyopita halifanani na la sasa.

Umebaki umeme, na hapa hakuna Wayland wala nini. Mashine ya mezani umeme ukirudi hukaa imezimwa mpaka ibonyezwe, isipokuwa imeamriwa vingine kwenye BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujaamka. Mashine ikiwaka ndugu yako abonyeze F2 au Delete kutegemea aina yake, atafute sehemu ya nguvu ya umeme. Kwenye Dell nyingi imeandikwa "AC Recovery", na ichaguliwe "Power On". Aangalie pia kwenye Settings, upande wa Power, kwamba kulala kwa kujiendesha kumezimwa. Na umuulize fundi kama alipoweka Ubuntu alichagua kufunga diski kwa nywila. Kama alichagua, mashine itasimama mapema zaidi, ikingoja nywila ya diski kabla Tailscale haijaamka, na hapo hakuna programu ya mbali itakayokusaidia. Itabidi muamue kati ya ulinzi huo na kuingia usiku bila mtu. Kwa saiba yenye nywila za watu, mimi ningeuacha ulinzi ubaki, ninunue UPS, ile betri ya akiba, na niwe na mtu jirani wa kuaminika.

Vyote vikiwa tayari, kama mliweka ule mstari wa Xorg fundi auondoe kwanza, maana Remote Login inahitaji Wayland, kisha pangeni Jumapili moja asubuhi ndugu yako akiwa dukani. Atoke kwenye akaunti yake, kisha aizime mashine, achomoe waya ukutani, ahesabu mpaka sitini, auchomeke tena na asiguse kitu. Wewe Birmingham ngoja dakika tano, bofya faili yako. Ukiuona ukurasa wa Ubuntu wenye jina lako, naye bado amekunja mikono, hapo ndipo ujue dawa imekubali.